Vivumishi vya Kiswahili Gusii: Jedwali, Sikio au Ekegusii?

Mzazi aliyesoma kwa vitabu vya zamani akifungua daftari la Kiswahili la mwanawe, iwe ni Ogembo au Nyansiongo, anakutana na majina asiyoyajua. Pale yeye alipokariri M-WA, JI-MA na N, mtoto ameandika A-WA, LI-YA na I-ZI. Zoezi ni la vivumishi, na mzazi hana hakika kama aseme "gari kubwa" au "gari likubwa". Akiuliza watu watatu anapata majibu matatu. Wa kwanza anasema mtoto akariri jedwali la ngeli mpaka limtoke puani. Wa pili anasema jedwali ndilo linalofanya watoto wachukie Kiswahili, asome hadithi tu na sarufi itakuja yenyewe. Wa tatu anailaumu lugha ya nyumbani: Ekegusii ndicho kinachomharibia mtoto Kiswahili, basi kipunguzwe.

Majibu hayo matatu ndiyo misimamo mitatu inayogongana kuhusu namna ya kumfundisha kivumishi mwanafunzi anayeanza katika kaunti za Kisii na Nyamira. Kila mmoja una ukweli ndani yake na kila mmoja una gharama. Lakini ubishi wenyewe unaanzia mahali pasipofaa. Upatanisho wa kisarufi si jambo geni kwa mtoto wa Gusii, kwa kuwa anao kinywani kabla hajaingia chekechea. Kinachomtatiza ni sehemu chache ambapo Kiswahili na Ekegusii vinaachana njia, na hizo ndizo ambazo hakuna hata mmoja kati ya misimamo hiyo mitatu, ukiachwa peke yake, unaozishughulikia ipasavyo.

Mazingira: Wabantu kati ya Waniloti

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Wengi wao huzungumza Ekegusii, lugha ya Kibantu iliyopakana na lugha zisizo za Kibantu karibu pande zote: Dholuo upande wa magharibi na kaskazini, Kikipsigis upande wa mashariki, Kimaasai upande wa kusini. Jirani hao wana maana katika mjadala huu. Mtoto anayekulia Rongo akizungumza Dholuo anakutana na ngeli za Kibantu kwa mara ya kwanza anapojifunza Kiswahili. Mtoto wa Suneka au Keroka amezinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Hata hivyo, mashambani Kiswahili si lugha ya nyumbani. Mtoto hukisikia shuleni, kanisani, redioni, kwenye steji ya matatu na sokoni. Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, ambako muuzaji na mnunuzi mara nyingi hawatoki katika jamii moja, kinachozungumzwa ni Kiswahili cha bara kilichopunguziwa viambishi: "vitu mingi", "kiatu mpya", "nyumba mzuri". Lugha hiyo inatimiza kazi yake barabara. Hakuna aliyewahi kukosa kiatu kwa sababu alikiita mpya badala ya kipya. Tatizo ni kwamba mtoto anajikuta na Viswahili viwili, kimoja cha kununulia na kimoja cha kupatia alama.

Na alama zina uzito. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ikakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya pili ya Kiswahili ina alama 80, na 40 kati ya hizo ni za matumizi ya lugha, sehemu ambayo upatanisho hauwezi kukwepwa. Kwa upande mwingine, Mtaala wa Umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unataka watoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kwa mashamba ya Kisii na Nyamira lugha hiyo ni Ekegusii. Kwa hiyo mfumo uleule unaodai Kiswahili sanifu mwishoni unaipa lugha ya mama nafasi mwanzoni, na wazazi wengi hawajaelezwa mambo haya mawili yanakutana wapi.

Kivumishi cha Kiswahili kinavyofanya kazi

Tofauti na lugha nyingine nyingi, nafasi ya kivumishi cha Kiswahili haisumbui. Nomino hutangulia, kivumishi hufuata: mtoto mdogo, shamba kubwa, chai tamu. Neno "kila" ndilo linalotangulia nomino daima. Anayejifunza Kihispania ana hali iliyo kinyume. Maumbo ni machache, kwani "nyeupe" ni blanco, blanca, blancos au blancas, yaani jinsia mbili kwa umoja na wingi, na vivumishi kama grande na azul havijali jinsia bali idadi tu. Nafasi ndiyo yenye mitego: un hombre pobre ni mtu asiye na mali, lakini un pobre hombre ni mtu wa kuhurumiwa. Kiswahili kimeondoa mtego wa nafasi na kuweka wingi wa maumbo. Mzizi mmoja, -eusi, hutoa mweusi, weusi, myeusi, cheusi, vyeusi, jeusi, meusi na nyeusi.

Wingi huo unaogofya mpaka mtu aone kwamba vivumishi vimegawanyika katika makundi matatu kwa namna vinavyopatana na nomino.

Kundi la kwanza ni vivumishi vya sifa na vya idadi, kama -kubwa, -zuri, -refu, -wili, -tatu. Hivi huchukua kiambishi cha aina ileile inayobebwa na nomino: mti mkubwa, miti mikubwa, kiti kikubwa, viti vikubwa.

Kundi la pili ni vimilikishi, viashiria na vile viitwavyo vya pekee, kama -angu, -ote na -enye. Hivi hufuata kiambishi cha kitenzi: tunasema mti umeanguka, basi mti wangu, mti huu, mti wote. Ndiyo sababu mti ule ule ni mkubwa na ni wangu, na herufi za mwanzo hazifanani. Mzizi -ingine umesimama katikati ya makundi haya mawili, na hapo ndipo ulipozaliwa ubishi usiokwisha wa "jambo jingine" na "jambo lingine". Anayesema jingine anaupa kiambishi cha sifa, anayesema lingine anaupa kiambishi cha kitenzi, na maumbo yote mawili yamekubalika katika matumizi.

Kundi la tatu halibadiliki kamwe, na vingi vya vivumishi hivi vina asili ya Kiarabu: hodari, ghali, rahisi, muhimu, maalum, laini, kamili. Mwanafunzi hodari, wanafunzi hodari, na mambo yanaishia hapo.

Zaidi ya hayo, vivumishi halisi vya sifa katika Kiswahili ni vichache. Pengo lao huzibwa kwa njia nyingine: -a unganifu (shati la kijani, maji ya baridi), -enye (mtu mwenye njaa) na kitenzi kirejeshi (mama aliyechoka, mahindi yaliyooza). Rangi zinaonyesha jambo hili wazi. Nyeusi, nyeupe na nyekundu zina mizizi inayopatana, lakini manjano, kijani na samawati zinahitaji -a. Mwanafunzi anayetafuta neno moja la sifa kwa kila wazo, kama alivyoona katika Kiingereza, atakwama hapa kuliko anavyokwama kwenye ngeli.

Ekegusii kinampa mtoto nini

Sasa tazama anachokuja nacho mtoto kutoka nyumbani. Katika Ekegusii mtu mkubwa ni omonto omonene, na watu wakubwa ni abanto abanene. Mti mkubwa ni omote omonene, miti mikubwa ni emete emenene. Kitu kikubwa ni egento ekenene, vitu vikubwa ni ebinto ebinene. Utaratibu ni ule ule: nomino mbele, kivumishi nyuma, kiambishi kikirudiwa. Hata mgawanyo wa kundi la kwanza na la pili upo. Abana abanene ni watoto wakubwa, lakini watoto wangu ni abana bane, na kiambishi kimebadilika kama kinavyobadilika kwenye Kiswahili.

Kufanana huko kunafika hadi kwenye mabadiliko ya sauti. Wanafunzi wengi huona ajabu kwamba -refu inageuka ndefu katika "nyumba ndefu", na -wili inageuka mbili. Lakini mtoto wa Gusii anayesema omote omorabu kwa mti mweupe husema enyomba endabu kwa nyumba nyeupe bila kufundishwa na mtu. Sauti r imekutana na n ikawa d, sawa na ilivyo katika Kiswahili. Sheria ambayo kitabu kinaieleza kwa ukurasa mzima tayari anaitumia kila siku.

Basi makosa yanatoka wapi? Yanatoka mahali ambapo lugha hizi mbili ndugu zimeachana, na zimeachana hasa katika mambo manne.

La kwanza ni viumbe wenye uhai. Ekegusii hufuata umbo la nomino: mbuzi mkubwa ni embori enene, wingi wake chimbori chinene, na kuku mkubwa ni engoko enene. Mnyama hupatana kama nyumba inavyopatana. Kiswahili sanifu humwondoa kiumbe hai kwenye umbo lake na kumpa upatanisho wa mtu: mbuzi mkubwa, kuku wakubwa, kiboko mnene, kiongozi mzuri. Mtoto anayesema "mbuzi kubwa" au "kuku nyingi" hakukosa upatanisho. Amepatanisha, ila kwa kanuni ya lugha ya nyumbani. Kiswahili chenyewe kinamchanganya zaidi, kwa sababu kinasema "rafiki mzuri" lakini "rafiki yangu", "ndugu wawili" lakini "ndugu zangu".

La pili ni kiambishi kisichoonekana. Nyumba kubwa katika Ekegusii ni enyomba enene, na wingi wake chinyomba chinene; ndizi kubwa ni ritoke rinene, wingi amatoke amanene. Kila mara kuna kitu cha kushika. Katika Kiswahili "nyumba kubwa" ni moja na ni nyingi pia, na "gari kubwa" halina kiambishi chochote mbele ya kivumishi. Sikio lililozoea kusikia kiambishi linaona pengo na kulijaza, ama kwa m- ya sokoni ("nyumba mkubwa") ama kwa li- iliyoazimwa kwenye kitenzi ("gari likubwa").

La tatu ni nomino za u-. Ugali ni obokima, na ugali mkubwa ni obokima obonene. Kiambishi kinajirudia kama kilivyo. Kiswahili hakifanyi hivyo. Ukuta ni mrefu na ugali ni mkubwa, kwa kiambishi m-. Anayeandika "ukuta urefu" ameirudia u- kama lugha ya nyumbani inavyomwelekeza, na kwa bahati mbaya "urefu" ni neno halisi lenye maana nyingine, kwa hiyo kosa lake halimkeri hata akilisoma tena.

La nne ni kundi lisilobadilika. Mtoto aliyezoea kupatanisha kila kitu ataandika "wanafunzi wahodari". Hapa pia mpaka si mkali sana, kwa maana watu wengi wenye Kiswahili kizuri husema "mtu msafi" na "watu wasafi", ingawa safi ni la kundi lilelile.

Kwa hiyo Ekegusii si adui wala si dawa ya kila kitu. Kinampa mtoto mfumo mzima wa upatanisho bure, kisha kinampotosha katika mambo manne yanayoweza kuhesabika.

Majina mawili ya ngeli na bei ya kila moja

Sehemu kubwa ya mkanganyiko wa wazazi haitokani na lugha yenyewe bali na majina. Wanaisimu wa Ulaya waliolinganisha lugha za Kibantu, kuanzia Wilhelm Bleek katika miaka ya 1860 na Carl Meinhof baada yake, walizipa ngeli nambari. Nambari zinafaa kulinganisha Ekegusii na Kizulu, lakini hazimsaidii mtoto wa Gredi ya 4. Shuleni kukatumika majina, na majina hayo yamekuwa ya aina mbili.

Mfumo wa zamani ulitaja ngeli kwa kiambishi cha nomino: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA, N. Nguvu yake kwa vivumishi ni kubwa, kwani jina lenyewe linataja kiambishi cha kivumishi. Mti ni M-MI, basi mkubwa na mikubwa. Magari ni ya JI-MA, basi makubwa, na mzizi mfupi unadhihirisha hata ji-: gari jipya. Nyumba ni ya N, basi nzuri na ndefu. Udhaifu wake unaonekana kwa viumbe. Kiboko ana ki-, kwa hiyo mfumo huu unamweka KI-VI pamoja na kiti, kisha unalazimika kueleza kwa nini hasemwi "kikubwa". Orodha ya watakaoelezwa hivyo ni ndefu: kifaru, kipepeo, kijana, mbuzi, kuku, samaki.

Mfumo unaotumika katika vitabu vingi vya shule vya Kenya leo hutaja ngeli kwa kiambishi cha kitenzi: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI na kuendelea. Nguvu yake iko hapo hapo ulipo udhaifu wa ule wa kwanza. Kiboko analala, viboko wanalala, basi kiboko ni wa A-WA na hakuna la kuelezea zaidi. Vimilikishi na viashiria vyote vinafuata jina la ngeli moja kwa moja: I-ZI inatoa yangu na zangu, LI-YA inatoa langu na yangu. Udhaifu wake uko kwenye vivumishi vya sifa. Jina LI-YA linamwita mwanafunzi aandike "likubwa". U-I linamwita aandike "mti ukubwa". I-ZI halimwonyeshi hata kidogo kwamba -refu itakuwa ndefu. Anayefuata jina la ngeli kwa uaminifu anakosea, na anayekosea hivyo si mzembe.

Hakuna mfumo unaotaja mambo yote kwa jina moja, kwa sababu ngeli nyingi za Kiswahili zina viambishi viwili, kimoja cha nomino na sifa, kingine cha kitenzi na vimilikishi. Anayechagua jina moja anachagua pia ni kosa lipi litakuwa jepesi kufanywa. Shule zilizochagua A-WA zimefanya uamuzi wenye mantiki, mradi mwalimu akumbuke kwamba kivumishi cha sifa kinahitaji safu yake kwenye jedwali.

Mfano wa karibu unapatikana Tabaka, ambako mawe laini ya Kisii huchongwa kuwa sahani, vinyago na wanyama. Kiboko wa jiwe aliye juu ya meza ya mchongaji aitweje? Kwa umbo la nomino ni kikubwa, kwa uhai wa mnyama ni mkubwa, na jiwe halina uhai. Wengi hubaki na "kiboko mkubwa" kwa sababu wazo la mnyama limeshika. Anayetaka kukwepa ubishi husema "kinyago kikubwa cha kiboko" na kuhamisha upatanisho kwenye kinyago. Sarufi hapa inafuata anachokifikiria msemaji, na hilo halimo katika jedwali lolote.

Msimamo wa kwanza: jedwali

Wanaotetea jedwali wana hoja nzito. Jedwali ni kamili, linatosha ukurasa mmoja, na mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kulifundisha na kulisahihisha kwa haraka. Linamhudumia kwa haki mtoto wa Kiluo au wa Kikipsigis aliyehamia mjini Kisii, ambaye hana ngeli nyumbani. Tena mtihani huuliza kwa lugha ya jedwali: andika katika wingi, taja ngeli, kanusha. Aliyelikariri ana pa kuanzia.

Gharama yake huonekana kwenye insha na kwenye mazungumzo. Kujua kwamba "chakula" ni KI-VI ni maarifa. Kusema "chakula kitamu" bila kusita ni mazoea, na maarifa hayageuki mazoea kwa kukaririwa. Mwanafunzi anayetafuta ngeli kichwani katikati ya sentensi ama hunyamaza ama hurudia Kiswahili cha sokoni ambacho hakimdai chochote. Zaidi ya hayo, jedwali huipa kila ngeli nafasi sawa. PA-KU-MU na A-WA zina mistari inayolingana, ilhali mwanafunzi atatumia A-WA mara mia kabla hajahitaji "mahali pakubwa".

Msimamo wa pili: sikio

Wanaotetea sikio wanasema upatanisho ni mlio kabla ya kuwa kanuni. Kitabu kikubwa, vitabu vikubwa, watoto wadogo wawili: kiambishi kinaporudi mara tatu katika kifungu kimoja, mtoto hukishika kama anavyoshika kiitikio. Ndivyo alivyopata Ekegusii, na ndivyo watoto wa Lamu na Unguja wanavyopata Kiswahili. Mtaala wa sasa umewapa nguvu kwa kutanguliza kusikiliza na kuzungumza, kisha kusoma, na kuiweka sarufi ndani ya shughuli badala ya kuisimamisha peke yake.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba sikio halichagui. Mtoto wa Unguja anasikia "kiatu kipya" siku nzima. Mtoto wa Nyamache anasikia "kiatu mpya" siku nzima na "kiatu kipya" kwa dakika thelathini darasani. Kama kusikia ndiko kunakofundisha, basi aliyesikika zaidi ndiye mwalimu. Njia hii inahitaji hadithi nyingi, vitabu vya ziada, mwalimu asiyeyumba katika Kiswahili chake mwenyewe, na muda. Pale vitu hivyo vilipo, inashinda njia zote. Pale visipokuwepo, mwanafunzi hufika sekondari akiwa na ufasaha wa haraka wenye makosa yaliyokwisha kukauka, na kosa lililozoeleka kinywani ni gumu kuling'oa kuliko kanuni ambayo haijajulikana.

Msimamo wa tatu: lugha ya nyumbani

Msimamo huu una pande mbili zinazopingana. Upande mmoja unataka Ekegusii kikae kando ili kisiathiri Kiswahili. Hoja hiyo ina msingi kwenye mambo manne tuliyoyaona, lakini inasahau yale mengine yote ambayo Ekegusii kimekwisha kumfundisha mtoto. Tena mtoto akinyimwa Ekegusii haingii katika Kiswahili sanifu kwa hilo peke yake. Kinachojaza pengo mara nyingi ni kile kile Kiswahili cha steji kisicho na viambishi, na hapo atakuwa amepoteza hisia ya upatanisho aliyokuwa nayo.

Upande wa pili unataka Ekegusii kitumike kama daraja. Tuseme mwalimu wa Gredi ya 3 anaandika ubaoni omote omonene, na chini yake mti mkubwa. Kisha embori enene, na chini yake mbuzi mkubwa. Anauliza, "Mbona Ekegusii kimesema omonene na enene, na Kiswahili kimesema mkubwa mara mbili?" Mtoto mmoja anajibu, "Mwalimu, ni kwa sababu mbuzi yuko hai." Mwingine anabisha, "Lakini hata mti uko hai." Mwalimu anapata nafasi ya kueleza kwamba uhai unaohesabiwa ni wa watu na wanyama, na kwamba m- ya mti na m- ya mbuzi zinafanana kwa sura tu: wingi wake ni miti mikubwa na mbuzi wakubwa. Kanuni ambayo ingechukua wiki ya kukaririwa imepatikana kwa kulinganisha mistari miwili.

Daraja hilo nalo lina gharama. Mjini Kisii na katika vituo kama Keroka, darasa moja huwa na watoto wa lugha kadhaa. Sera ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya kuwapeleka walimu mbali na makwao, iliyoshika kasi mwaka 2018, iliwaweka walimu wengi wa Kenya mbele ya watoto wasioshiriki nao lugha ya mama. Hata mwalimu aliye Mgusii mara nyingi hakufundishwa sarufi ya lugha yake. Anaweza kusema enyomba endabu bila kuweza kueleza kwa nini si "enyomba enrabu". Na kulinganisha kukizidi, somo la Kiswahili hugeuka kuwa tafsiri.

Mizani

Tukipima misimamo hii kwa makosa yenyewe badala ya kwa mapenzi, inaonekana kila mmoja una mahali pake.

Makosa ya viumbe na ya nomino za u- yanatokana na Ekegusii moja kwa moja, hivyo yanatibiwa haraka zaidi kwa kulinganisha. Jedwali linaweza kuyataja lakini haliwezi kumweleza mtoto kwa nini yeye hasa anayafanya. Makosa ya kiambishi kisichoonekana, kama "nyumba mkubwa", yanachangiwa na Kiswahili cha sokoni pia, na hapo kulinganisha hakutoshi. Kinachohitajika ni mazoezi mengi ya kusikia na kusema nyumba kubwa, ndizi mbivu, barua ndefu, mpaka ukosefu wa kiambishi uonekane kuwa jambo la kawaida. Kosa la "gari likubwa" linatokana na jina la ngeli, na dawa yake ni jedwali lenyewe, likiandikwa na safu mbili: moja ya kitenzi na kimilikishi, nyingine ya sifa na idadi. Kundi lisilobadilika ni orodha fupi, na orodha fupi hukaririwa.

Mpangilio nao una maana kuliko uteuzi wa njia. Mwanafunzi anayeanza akipewa kwanza watu, wanyama, KI-VI na M-MI, ambako kiambishi kinaonekana waziwazi, anajenga imani. Nyumba na gari, ambako kiambishi hujificha, zije baadaye. Mizizi inayoanza kwa irabu, kama -eusi na -ingi, ifuate, kwa sababu inaleta mabadiliko mapya ya sauti. Jedwali zima liletwe mwishoni kama muhtasari wa anachokijua tayari.

Swali la haki pia lazima lipimwe. Darasa lenye Wagusii watupu mashambani Nyamira linaweza kutumia Ekegusii bila kumwacha mtu nyuma. Darasa la mjini haliwezi, na huko jedwali lenye safu mbili pamoja na usomaji mwingi ndivyo vinavyobeba mzigo. Kutaka njia moja kwa shule zote za kaunti mbili ni kuwapendelea baadhi ya watoto dhidi ya wengine.

Kwa muhtasari

Kivumishi cha Kiswahili kina nafasi rahisi na maumbo mengi, na maumbo hayo hujipanga katika makundi matatu: yanayofuata kiambishi cha nomino, yanayofuata kiambishi cha kitenzi, na yasiyobadilika. Mtoto wa Kisii na Nyamira anaingia darasani akiwa na mfumo huo kwa sehemu kubwa, kwa sababu Ekegusii hupatanisha kwa utaratibu ule ule. Anakwazwa na mambo manne: viumbe wenye uhai, kiambishi kisichoonekana, nomino za u- na vivumishi visivyobadilika. Kwazo la tano linatoka vitabuni, nalo ni majina ya ngeli yanayotaja kiambishi cha kitenzi na kunyamaza kuhusu cha sifa.

Jedwali lina ukamilifu bila wepesi, sikio lina wepesi bila uhakika, na Ekegusii kina njia ya mkato isiyopitika na kila darasa. Shule yenye kauli moja inaweza kuvitumia vyote vitatu, kila kimoja kwa kosa linalokifaa. Kinachopaswa kuachwa ni ile dhana kwamba lugha ya nyumbani ndiyo chanzo cha udhaifu wote, kwa kuwa mtoto asiyejua kusema omonto omonene hana faida yoyote aliyompita nayo mwenzake katika kusema mtu mkubwa.